Chemsha bongo ya kuteleza kwenye barafu: mwongozo kamili kwa wanaoandaa watoto Mtwara na Lindi

Mtoto wa Mikindani anayemshabikia Ilia Malinin, mtelezaji wa Marekani, ameuona mchezo huu kwenye simu na televisheni tu. Barafu anayoijua kwa mkono ni ile ya ubuyu au ukwaju inayouzwa kwenye vifuko. Hilo halimzuii kuupenda mchezo, ila linabadilisha namna ya kutunga maswali. Ukijaza karatasi maswali ya "nani alishinda mwaka gani", utakuwa umepima nyumba ipi ina bando la kutosha, basi. Kanuni ya mwongozo huu: katika kila alama 3, mbili zitoke kwenye mafumbo ambayo mtoto anaweza kuyafumbua kwa kanuni alizofundishwa asubuhi ileile, moja tu itoke kwenye kumbukumbu.

Mpango ni wa watoto 20 hadi 24 wa darasa la nne hadi la saba, timu 4, dakika 140. Mafunzo dakika 30, miruko 25, meza ya majaji 35, gridi ya silabi 15, historia 20, vitendawili 15. Alama ni 60: miruko 15, majaji 20, gridi 5, historia 15, vitendawili na miji 5. Anza saa 3 asubuhi Jumamosi na utakuwa umemaliza kabla ya adhuhuri. Jioni za siku za shule wengi wako madrasa, na Jumapili wengine wako kanisani. Kwa Newala, Tandahimba na Masasi, epuka pia Oktoba hadi Desemba, maana ukiweka siku hiyo msimu wa korosho utabaki na viti vitupu.

Vya kukusanya

Karatasi za manila 6, maka peni za rangi mbili (nyekundu na bluu), chaki, daftari moja lililokatwa karatasi ndogondogo za majibu, kalamu 8, saa ya simu, na kete za kuhesabia alama. Kete nzuri ni komwe, zile za kuchezea bao. Usitumie korosho ghafi hata kama zimejaa stoo: ganda lake lina mafuta yanayochoma ngozi, na watoto watazishika kisha watajipangusa macho. Korosho zilizokaangwa nazo hazifai, kwa sababu alama za timu zitaliwa kabla ya raundi ya pili.

Video pakua siku moja kabla, mbili au tatu tu, na simu ichajiwe usiku. Umeme ukikatika katikati ya raundi hutakuwa na muda wa kutafuta jenereta. Chagua programu (onyesho zima la mtelezaji mmoja) moja ndefu ya wakubwa, ambayo hudumu dakika 4 ikizidi au kupungua sekunde 10, na moja fupi ya dakika 2 na sekunde 40.

Usiku huohuo, mimina maji kwenye sinia dogo la bati, kina cha vidole viwili, ugandishe. Asubuhi weka juu ya kitambaa chenye majimaji ili sinia lisikimbie, kisha mruhusu kila mtoto asukume kifuniko cha soda juu yake. Ni dakika tano, halafu litaanza kuwa dimbwi. Lakini hizo tano zinaondoa swali ambalo vinginevyo utaulizwa asubuhi nzima: "Kwani hawaanguki?" Wanaanguka, na utawafundisha bei yake kwenye meza ya majaji.

Wakati sinia linazunguka, tupa fumbo la kupasha moto lisilo na alama. Uwanja wa barafu wa kipimo cha Olimpiki una urefu wa mita 60 na upana wa mita 30. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68, je, unaingiza viwanja vingapi vya barafu bila kukata hata kimoja? Wepesi wa hesabu watagawanya: 7,140 kwa 1,800, wapate karibu 4. Jibu ni 3. Ukivipanga ubavu kwa ubavu vinachukua mita 90 kwa 60, na kinachobaki ni vipande vyembamba ambavyo hakuna cha kuingia. Mwache aliyesema 4 aje achore mwenyewe chini kwa chaki, akichora ataona.

Mafunzo: ndala, makali na miruko sita

Hapa ndipo usiharakishe. Kila kitu kingine kinasimama juu ya dakika hizi 30.

Chini ya kiatu cha barafu kuna chuma chenye unene wa takriban milimita 4. Uso wake wa chini si bapa: una mfereji mwembamba katikati kutoka mbele hadi nyuma, kwa hiyo chuma kimoja kina makali mawili, ya ndani (upande wa kidole gumba) na ya nje (upande wa kidole cha mwisho). Mbele kabisa kuna meno. Ili hili lieleweke, chukua jozi ya ndala, paka ukingo wa ndani wa kila ndala rangi nyekundu na wa nje bluu, chora meno matatu kwenye ncha. Mtoto akiivaa na kulalia upande mmoja, wote wanaona rangi ipi imegusa chini.

Sasa miruko sita. Maelezo haya ni ya mtelezaji anayezunguka kinyume na mwendo wa saa, kama wengi wanavyofanya. Herufi za mwisho ndizo zinazoandikwa kwenye karatasi ya majaji.

- Tolupu: mguu wa kulia, makali ya nje, meno ya kushoto yanachoma barafu. T
- Salchow: mguu wa kushoto, makali ya ndani, bila meno. S
- Lupu: mguu wa kulia, makali ya nje, bila meno. Lo
- Flipu: mguu wa kushoto, makali ya ndani, meno ya kulia. F
- Lutz: mguu wa kushoto, makali ya nje, meno ya kulia. Lz
- Axel: mguu wa kushoto, makali ya nje, bila meno, na huu peke yake unaruka ukitazama mbele. A

Yote hutua vilevile: mguu wa kulia, makali ya nje, kinyumenyume. Watoto watachanganya Lutz na flipu, na wana haki, kwa sababu tofauti yake ni makali tu. Hata mabingwa huchanganya. Mtelezaji aliyekusudia Lutz akilalia makali ya ndani sekunde ya mwisho, karatasi yake huandikwa herufi ndogo e na thamani ya mruko hupungua. Rudia hizi mbili kwa ndala hadi timu zote ziseme rangi sahihi bila kuangalia manila.

Kuonyesha kwa nini mtelezaji akikunja mikono huzunguka haraka, tumia kiti cha ofisini kinachozunguka kama kipo. Mtoto akae, ashike chupa mbili za maji za nusu lita, anyooshe mikono. Mtu mzima amsukume taratibu mara moja, kisha mtoto avute chupa kifuani. Mwendo utaongezeka papo hapo bila kusukumwa tena. Kinachoharibika hapa ni magurudumu: mtu mmoja ashikilie kitako cha kiti chini, la sivyo kitatambaa na kupinduka. Mizunguko mitatu inatosha. Ya nne inaleta kichefuchefu.

Raundi ya miruko

Fumbo la kwanza ni "Mimi ni nani?", maswali 6 ya alama moja moja. Soma dalili, timu zote ziandike kwa wakati mmoja, sekunde 45. Usitumie mtindo wa kunyoosha mkono wa kwanza. Ukiutumia, mtoto mmoja mwenye sauti atacheza kwa niaba ya wote. Mfano: "Naondoka kwa mguu wa kushoto. Sigusi meno. Nakwenda kinyumenyume." Ni Salchow. Kabla ya kuiandika dalili kwenye kadi, ipitishe kwenye ile orodha ya sita na uhesabu majibu yanayobaki. "Natoka kwa makali ya nje bila meno" inaonekana nzuri, lakini lupu na Axel zote zinaingia humo. Kadi ya namna hiyo ndiyo inayozaa ugomvi.

La pili lina alama 5 na ndilo tamu zaidi katika raundi hii. Timu moja inachagua mruko kimya kimya. Nyingine inauliza maswali ya ndiyo au hapana. Ni maswali mangapi yanatosha kuupata mruko wowote, kila mara, bila kubahatisha? Acha wahangaike dakika nane. Wengi wataanza na "Unaruka ukitazama mbele?", na wakijibiwa hapana wanabaki na miruko mitano, wafike maswali manne. Jibu ni 3. Anza na meno. Ukiambiwa ndiyo, wamebaki Lutz, flipu na tolupu: uliza mguu wa kulia, kama si kulia, uliza makali ya ndani. Ukiambiwa hapana, wamebaki Axel, lupu na Salchow: uliza kutazama mbele, kisha mguu wa kulia. Maswali mawili hayawezi kutosha kwa vyovyote, kwa sababu majibu ya ndiyo na hapana mara mbili yanatenganisha vitu vinne tu. Toa alama 5 kwa timu yenye 3 na maelezo, 2 kwa yenye 4.

La tatu, alama 4, lichezwe nje kwenye mchanga, Shangani au ufukwe wowote ulio karibu. Mtelezaji anasonga kuelekea baharini. Akiruka Axel ya mizunguko mitatu, atatua ameipa bahari uso au mgongo? Na ya mzunguko mmoja? Na ya minne? Axel huanza kwa kutazama mbele na kumalizia kinyumenyume, kwa hiyo kila Axel ina nusu mzunguko wa ziada: moja na nusu, mbili na nusu, tatu na nusu, nne na nusu. Zote hutua mgongo baharini. Miruko mingine mitano huanza mgongo baharini na kuishia hapohapo. Watoto watataka kujaribu kwa miili. Waruhusu nusu mzunguko na mzunguko mmoja, peku, magoti yakunjwe wakati wa kutua. Kwenye sakafu ya saruji usiruhusu.

Meza ya majaji

Raundi hii ndiyo uti wa mgongo, na ndiyo inayomfanya mtoto arudi kuangalia mashindano kwa jicho jingine. Bandika manila yenye thamani za msingi. Hizi ni za msimu wa 2024/25, na uandike msimu huo juu ya manila kwa herufi kubwa, kwa sababu chama cha kimataifa cha mchezo huu hubadilisha jedwali mara kwa mara.

Mizunguko mitatu: T 4.2, S 4.3, Lo 4.9, F 5.3, Lz 5.9, A 8.0.
Mizunguko minne: T 9.5, S 9.7, Lo 10.5, F 11.0, Lz 11.5, A 12.5.
Axel ya mizunguko miwili: 3.3.

Kwenye karatasi, namba hutangulia herufi: 3Lz ni Lutz ya mizunguko mitatu, na alama ya kujumlisha ni miruko iliyounganishwa. Fumbo la kwanza ni kusoma tu. Mtelezaji ameandikiwa 4S, 3Lz+3T, 3A. Thamani ya msingi ni ngapi? 9.7, kisha 5.9 na 4.2 ambazo ni 10.1, kisha 8.0. Jumla 27.8. Kwa timu inayomaliza mapema, ongeza kwamba katika programu fupi mruko wa mwisho ukifanywa nusu ya pili hupata nyongeza ya asilimia 10 ya thamani yake: 3A inakuwa 8.8, jumla 28.6.

Fumbo la pili ni la ubora. Majaji 9 hutoa kila mmoja namba kuanzia −5 hadi +5. Ya juu kabisa moja na ya chini kabisa moja huondolewa, saba zinazobaki hutafutiwa wastani, na kila hatua moja ya wastani ni asilimia 10 ya thamani ya mruko. Andika ubaoni: 3, 4, 3, −5, 3, 2, 3, 4, 3. Mruko ni 3Lz. Alama ni ngapi?

Ondoa −5 na 4 moja. Zinazobaki zina jumla ya 21, gawanya kwa 7, wastani 3. Asilimia 30 ya 5.9 ni 1.77, jumla 7.67. Namba hizi zimechaguliwa makusudi. Makosa mawili yatatokea. Kuna watakaofuta 4 zote mbili kwa sababu "zote ni za juu". Huondolewa moja tu. Na kuna watakaosahau kuondoa, wagawanye 20 kwa 9 wapate 2.22. Ukitunga mfano wako, hakikisha njia isiyo sahihi haitoi jibu lilelile, jambo linalotokea kwa urahisi pale namba zinapokuwa na ulinganifu. Hakikisha pia saba zinazobaki zinagawanyika kwa 7, vinginevyo darasa la nne litazama kwenye desimali.

Hapo watauliza jaji wa −5 alikuwa na nini. Mwulize yeye aliyeuliza: bila kuondoa, jaji mmoja anaweza kufanya nini? Kisha eleza Salt Lake City 2002, ambako utata wa majaji kwenye mashindano ya wawili wawili uliishia kwa medali mbili za dhahabu, moja kwa Warusi na moja kwa Wakanada. Baada ya hapo mfumo wa zamani, ambamo 6.0 ilikuwa alama ya juu kabisa, ukaondolewa.

Mafumbo mawili ya mwisho ni ya kuanguka. Aliyeanguka kwenye mruko hupewa −5, yaani nusu ya thamani inapotea, na juu ya hapo hukatwa alama 1. Mtelezaji wa kwanza anajaribu 3A, anazunguka yote, anaanguka. Wa pili anafanya Axel ya mizunguko miwili safi, wastani +3. Nani yuko juu? Wa kwanza: 8.0 toa 4.0 toa 1, abaki na 3.0. Wa pili: 3.3 na 0.99, apate 4.29. Wa pili anaongoza kwa 1.29.

Darasa zima litakuwa limeshaamini kwamba kuanguka ni hasara daima. Hapo toa la nne: aliyeanguka alikuwa anajaribu 4Lz. 11.5 toa 5.75 toa 1 ni 4.75. Sasa aliyeanguka yuko mbele ya aliyesimama! Lakini angefanya 3Lz ya kawaida, wastani sifuri, angepata 5.9 bila mchubuko. Waache wabishane kama inafaa kujaribu. Kocha hufanya hesabu hiyohiyo kila msimu.

Kila fumbo hapa lina alama 5: tatu za jibu, mbili za njia. Ukitoa zote kwa jibu, watanakiliana.

Gridi ya silabi

Gridi za herufi zilizozoeleka hazifai sana Kiswahili. Irabu ni nyingi na maneno yasiyoalikwa huibuka kila kona. Tumia silabi. Hii iko tayari kunakiliwa:

BA – RA – FU – ME – KI
TE – LE – ZA – DA – A
HO – MA – KA – LI – TU
NGE – JA – RA – LE – TE
KA – JI – RA – TA – SI

Maneno ya kutafuta, kwenda kulia au kushuka chini: barafu, teleza, makali, majaji, medali, kiatu. Yaandike juu ya karatasi, maana bila orodha kuna mtoto atakayezungushia HOMA akadai alama, na neno lipo kweli. Silabi zinazobaki baada ya kufuta maneno sita zinasomeka kwa mpangilio: HONGERA LETE KARATASI. Timu ya kwanza kuisoma kwa sauti inachukua alama 5, na wewe huna haja ya kukagua gridi zao. Aliyebahatisha hawezi kuipata sentensi.

Ukitaka kutunga yako, anza na maneno yanayoshiriki silabi (hapa MA na LI zimetumika mara mbili mbili), yapange, kisha hesabu nafasi zilizobaki. Zikiwa tisa, tafuta sentensi ya silabi tisa. Kufanya kinyume chake, sentensi kwanza, kunakula jioni nzima.

Historia, na maswali yanayochacha

Swali zuri la historia lina mwaka, shindano, na mpaka wa "wa kwanza". "Mchezo uliingia Olimpiki lini?" lina jibu moja tu, 1908 London, lakini nusu ya watoto watasema 1924 Chamonix kwa sababu ndiyo Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi. Uliza hivi: "Mchezo huu uliingia Olimpiki miaka 16 kabla ya Olimpiki ya kwanza ya majira ya baridi. Mwaka gani?" Vilevile "nani wa kwanza kutua mizunguko minne?" ni bovu kwa sababu lina majibu mawili: Kurt Browning wa Kanada, tolupu, 1988, kwa wanaume, Miki Ando wa Japani, Salchow, 2002, kwa wanawake.

Ya kuanzia, pamoja na majibu:

Mwanamke gani alijiandikisha mashindano ya dunia ya 1902 kwa sababu kanuni hazikumkataza, akawa wa pili nyuma ya Ulrich Salchow? Madge Syers wa Uingereza.

Nani alishiriki Olimpiki ya 1924 akiwa na miaka 11, akawa wa mwisho kati ya wanane, kisha akashinda tatu mfululizo? Sonja Henie wa Norwe: 1928, 1932, 1936.

Jozi gani ilipata alama 6.0 mara 12 kwa dansi moja, Sarajevo 1984? Jayne Torvill na Christopher Dean.

Mmarekani mweusi wa kwanza kupata medali ya Olimpiki ya majira ya baridi? Debi Thomas, shaba, Calgary 1988. Baadaye akawa daktari wa upasuaji wa mifupa.

Mwanamke wa kwanza kutua Axel ya mizunguko mitatu kwenye Olimpiki? Midori Ito, Albertville 1992.

Mwanamume aliyeshinda Olimpiki mbili mfululizo, jambo lililokuwa halijatokea tangu Dick Button wa 1948 na 1952? Yuzuru Hanyu, 2014 na 2018.

Mtelezaji wa Ufaransa mwenye asili ya Mauritius, kisiwa cha bahari yetu hii ya Hindi, bingwa wa Ulaya 2023 na 2024? Adam Siao Him Fa. Hili waliweke wa Lindi na Mtwara moyoni.

Kila kadi iandikwe tarehe uliyoitunga nyuma yake, kwa sababu majibu huchacha. Surya Bonaly wa Ufaransa alipiga sarakasi ya kinyumenyume akatua kwa mguu mmoja, Nagano 1998, ikiwa marufuku tangu miaka ya 1970; kadi inayosema "hairuhusiwi" ilikuwa sahihi hadi sarakasi hiyo iliporuhusiwa msimu wa 2024/25. Kadi inayosema hakuna aliyewahi kutua Axel ya mizunguko minne ilikufa Septemba 2022, Malinin alipoitua Lake Placid akiwa na miaka 17. Vipengele vya usanii ambavyo majaji huvipa alama vilikuwa vitano. Tangu 2022/23 ni vitatu: utunzi, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza. Na Tara Lipinski, bingwa wa Olimpiki wa 1998 akiwa na miaka 15, leo asingeruhusiwa kwa wakubwa, ambako umri wa chini umefikishwa 17.

Vitendawili, na mji wa kutoa

Hapa kuna jambo ambalo mila yetu imekwishakuandalia. Asiyejua kitendawili hutoa mji. Weka sharti moja: mji utakaotolewa uwe umewahi kuandaa kuteleza kwenye barafu kwa Olimpiki. Masasi haikubaliwi. Oslo, Innsbruck, Sapporo, Calgary, Torino, Vancouver, Sochi, Beijing zinakubaliwa, na mji uliokwisha kutolewa haurudiwi. Kwa 1994 pokea Lillehammer na Hamar, kwa 2018 pokea Pyeongchang na Gangneung, maana jina la michezo ni moja na barafu ilikuwa mji mwingine. Kufumbua ni alama moja. Mji sahihi ni nusu, na timu yoyote isizidi 5.

Natembea na visu viwili, sijakata nyama. (Viatu vya barafu.)
Nilizaliwa maji, nikakua jiwe, jua likinitazama nalia. (Barafu.)
Ndugu sita, watano waingia kinyumenyume, mmoja kifua mbele. (Miruko, huyo mmoja ni Axel.)
Tisa wamekaa mezani, wawili hawali. (Majaji.)
Nikijikumbatia nakwenda mbio, nikifungua mikono nachelewa. (Mtelezaji anayezunguka.)

Kisha waambie kila timu itege kimoja chake. Huenda vyao vikawa vikali kuliko hivi.

Alama zikifungana

Weka swali moja la makadirio kwenye bahasha iliyofungwa. Kim Yuna wa Korea Kusini alishinda Vancouver 2010 kwa jumla ya alama ngapi? Kila timu iandike namba yenye desimali mbili, karatasi zifunuliwe pamoja. Jibu ni 228.56, iliyo karibu zaidi inashinda, iwe imezidi au imepungua. Zikifungana hata hapo, tumia alama za Nathan Chen wa Marekani kwenye programu fupi ya Beijing 2022: 113.97. Barafu za ubuyu zigawiwe timu zote mara moja, moja kwa moja kutoka kwenye deli.